Divelopa ya D-72: metoli imegoma kuyeyuka na picha zinatoka kijivu

Swali: Nimechanganya mwenyewe divelopa ya karatasi, D-72 (dawa ya kutokeza picha kwenye karatasi ya picha). Nilitia salfaiti ya sodiamu yote, afu metoli (unga unaotokeza picha), ila metoli haijayeyuka, vipande vyeupe vinaelea tu. Kaboneti ya sodiamu nimepima gramu 68, ni ile ya mawemawe yanayong'aa. Picha zinatoka kijivu, weusi haukolei. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu, dawa zako ni nzima, tatizo ni mpangilio na hiyo kaboneti. Metoli haipendi kabisa maji yenye salfaiti nyingi, ukishaitia salfaiti yote kwanza ndo basi tena. Chukua maji ya moto kiasi, nyuzi 50 hivi, mililita 750, tia salfaiti kidogo tu unayoshika kwa vidole viwili (hiyo inazuia metoli isiungue na hewa), afu metoli gramu 3, koroga mpaka iishe kabisa, usiwe na haraka hapo. Ndo unatia salfaiti iliyobaki, jumla gramu 45, haidrokwinoni (unga mwingine wa kutokeza picha) gramu 12, kaboneti, mwisho potasiamu bromaidi gramu 2, unaongeza maji baridi ifike lita moja.

Sasa huo ukijivu. Gramu 68 ni za kaboneti kavu, ya unga. Ile ya mawe zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo wewe umeweka kama gramu 25 tu za kaboneti yenyewe, na haidrokwinoni, ambayo ndiyo inayokupa weusi, bila alikali ya kutosha (yaani hiyo kaboneti) inalala. Ya mawe unatakiwa gramu 184, ila mimi nakushauri tafuta kavu, manake mawe yakikaa wazi yanapoteza maji polepole na kipimo kinakudanganya. Na isiwe baikaboneti, hiyo ni kitu kingine.

Hiyo uliyochanganya mwaga, anza upya. Bromaidi usiiruke hata kama ni kidogo, bila hiyo sehemu nyeupe za picha zinaingia ukungu.

Kutumia, sehemu moja ya dawa kwa mbili za maji, nyuzi 20, dakika moja hadi mbili. Iliyozimuliwa isilale kwenye trei mpaka kesho. Ile nzito weka kwenye chupa iliyojaa hadi shingoni, ikishakuwa kahawia kama chai ya rangi usiitumie.

Na tafadhali vaa glavu, kila siku, hata ukiona mikono haina shida. Metoli inaweza kukuletea aleji ya ngozi, na ikishakupata hairudi nyuma, kila ukigusa tena unawashwa. Unapopima unga vaa barakoa pia, dirisha wazi.