Maswali ya Wasomaji: Je, Picha ya Mauti Ni Lazima Iwe na Fuvu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninachora kwa rangi za mafuta, na siku hizi nachora matunda yanayooza, nikitaka mtazamaji aukumbuke ufupi wa maisha yake. Mwalimu wangu anashikilia kwamba picha ya namna hiyo haikamiliki bila fuvu. Isitoshe, matunda huharibika kabla sijamaliza kazi. Je, niongeze fuvu? Na je, ni vibaya kuchora kwa kufuata fotografia?
Mchoraji Mwanafunzi

JIBU: Ndugu Mchoraji, fuvu si sharti. Mwalimu wako anafuata mapokeo yaliyostawi Uholanzi katika karne ya 17, hasa mjini Leiden; wachoraji kama Harmen Steenwijck walipanga mezani fuvu, saa, vitabu na vyombo vya anasa, wakikumbusha maneno ya kitabu cha Mhubiri katika Biblia kwamba mambo yote ni ubatili. Hata hivyo, katika zama zizo hizo Pieter Claesz, ambaye mafuvu aliyachora pia, alikuwa na picha nyingine zenye glasi iliyolala na limau lililomenywa nusu tu, na mtazamaji akaelewa kwamba mlaji ameondoka. Siku hizi fuvu limezoeleka hadi kwenye fulana, na msanii Mwingereza Damien Hirst alipotengeneza fuvu la platinamu lenye almasi 8,601 mwaka 2007, mazungumzo mengi yaliishia kwenye bei.

Kinachobeba mauti katika picha ya vitu ni muda, na muda huonekana pale kitu kinapobaki baada ya mtu. Mtazame Audrey Flack, mchoraji wa Marekani, ambaye mwaka 1977 alichora picha ya kumkumbuka Marilyn Monroe, aliyefariki mwaka 1962. Aliweka humo mshumaa, kalenda, saa ya mchanga, matunda, rangi ya mdomo, na hata fotografia ya utotoni yake mwenyewe na kaka yake. Kwangu mimi, rangi ile ya mdomo inauma kuliko saa ya mchanga, kwa kuwa ilikuwa ya kutumiwa.

Kuhusu fotografia, usiwe na wasiwasi: Flack aliitumia, na mchoraji Mjerumani Gerhard Richter naye alichora mishumaa na mafuvu yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutokana na fotografia. Mchoraji Mfaransa Cézanne, aliyechora polepole mno, alikimbilia maua ya bandia kwa kuwa yale halisi yalinyauka. Lakini fotografia moja hukupa nukta moja ya wakati, ilhali tunda lililo mbele yako hukupa siku nyingi, na turubai yako inaweza kuzibeba zote pamoja. Anza na umbo na kivuli tunda likiwa bichi, kisha ngozi na madoa uyafuate jinsi yanavyojitokeza. Karibu yake weka kitu kisichooza. Katika filamu fupi iliyoharakishwa ya msanii Mwingereza Sam Taylor-Wood ya mwaka 2001, matunda yanageuka ukungu kwa dakika chache tu, na pembeni kalamu ya plastiki haibadiliki hata kidogo. Kalamu hiyo ndiyo inayotisha.

Ila uache tabaka la chini likauke kwanza, hata kama ni siku kadhaa, maana kahawia ya doa ikiingia kwenye njano mbichi utapata tope.