Maziwa ya Oktoba huandaliwa Mei

Kamwene wasomaji wangu. Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja anayefanya kazi Dar es Salaam. Ana akiba yake, mama yake yuko kijijini upande wa Makambako, huku kwetu mkoani Njombe, na anataka kumnunulia ng'ombe wawili wa kisasa mwezi huu huu. Swali lake ni lile ninaloulizwa kila mara: "Dada, nichukue Friesian au Jersey?" Nikamuuliza, mama ana majani? Akajibu haraka, "Kijijini majani hayakosekani, dada, yapo kila mahali."

Hapo nikaona niandike kwa kirefu, kwa sababu najua wengi mnaonifuata mna ndoto hiyo hiyo, na wengi mmekuja Njombe wakati wa Pasaka mkaona kijani kitupu.

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba na kukatika mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Sasa hivi ninavyoandika, kingo za mashamba zimejaa nyasi, ng'ombe wanakula na kubakiza, ndoo zinajaa asubuhi na jioni, na bei ya maziwa iko chini kwa sababu kila nyumba inayo. Kisha kinaingia kipupwe. Juni na Julai barafu inalala mabondeni alfajiri, na mabingobingo, zile nyasi ndefu za malisho, ambayo hayajakatwa yanaungua, shamba zima linageuka kahawia. Agosti upepo unamalizia kilichobaki. Septemba na Oktoba watu wanachoma milima. Hadi mvua irudi na nyasi zichipue tena, ni kama nusu mwaka ambao ng'ombe anaishi kwa ulichomhifadhia.

Nimeolewa katika nyumba yenye ng'ombe. Mama mkwe wangu alipata mtamba wake, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba, na akizaa ndama jike unamlea kisha unampeleka kwa jirani anayefuata kwenye orodha. Alimpa jina la Tumaini. Asili yake ilikuwa Kitulo, lile shamba la serikali kule Makete linalozalisha mitamba ya Friesian, na mama mkwe alijivunia jambo hilo mbele ya kila mgeni. Nilipofika pale kama bibi harusi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumkatia majani Tumaini.

Kiangazi changu cha kwanza katika nyumba ile sitakisahau. Kufikia Septemba nilikuwa natoka na panga kabla jua halijachomoza, nashuka hadi kwenye vinyungu, yaani bustani za kule bondeni, nakata nyasi kwenye kingo za mifereji na kurudi na mzigo kichwani. Wenzangu nao walikuwa wanazigombea nyasi zile zile. Nikifika nyumbani, mzigo ule Tumaini anaumaliza nikiwa bado nanawa mikono. Tukawa tunamwekea mabua makavu ya mahindi yaliyobaki shambani, ambayo yanajaza tumbo lakini hayatengenezi maziwa. Maziwa yakashuka kutoka ndoo hadi jagi. Mbavu zikaanza kuhesabika. Ng'ombe akikonda namna hiyo hata joto, yaani ile hali ya kutaka dume, halioni. Anapita mwezi, anapita wa pili, humwoni akipanda wenzake wala akilia, na wewe unapoteza mwaka mzima wa uzazi.

Mnunuzi mmoja, aliyekuwa akichukua maziwa yetu Machi kwa bei anayoitaka yeye, alisimamisha pikipiki barabarani siku moja ya Oktoba, akaangalia kidumu chetu, akasema kiasi kile hakimlipi mafuta. Akaondoka. Sitamtaja, na huenda yeye alishasahau. Mimi nakumbuka jinsi mama alivyobaki amesimama na kidumu chake mbele ya majirani. Kabla ya Krismasi, Tumaini aliuzwa kwa watu wa machinjio kwa bei ya ng'ombe aliyekonda. Mama alijifungia ndani siku hiyo. Bado naumia ninapoandika haya.

Miaka iliyofuata nairuka, ilikuwa ya viazi mviringo na vibarua. Tuliporudi kwenye ng'ombe, nilimwambia mume wangu kwamba sitakanyaga vinyungu tena kugombania nyasi. Bwana mifugo wa kata yetu ndiye aliyetufundisha saileji, yaani malisho mabichi yanayokatwakatwa na kushindiliwa shimoni bila hewa ili yasioze, kwa kuchimba nasi na si kwa kutuachia kipeperushi, Mungu ambariki. Na hapa ndipo ugomvi wa ukoo ulipoanza.

Sehemu nzuri ya kuotesha malisho ilikuwa kipande cha baba mkwe kilicho nyuma ya nyumba. Shemeji yangu alikitaka kwa parachichi. Mnajua homa ya parachichi ilivyoushika mkoa wetu. Kila kijana anang'oa kila kitu anaweka miche. Kwenye kikao cha familia shemeji alisema mbele ya wazee kwamba mtu mwenye akili hawezi kupanda majani kwenye ardhi yenye rutuba. Akanitazama mimi alipokuwa anasema. Sikujibu, mgeni wa ukoo hajibu kwenye kikao. Mama mkwe ndiye aliyejibu. Alisema kipande kile ni cha ng'ombe, na atakayekigusa atamkuta yeye. Tukapanda mahindi upande mmoja, mabingobingo na desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya mikunde, upande mwingine.

Sasa niwaambie Mei inavyokuwa kwetu, kwa sababu huu ndio mwezi wenyewe.

Mahindi ya saileji hayasubiriwi yakauke. Unayakata na mabua yake yakiwa bado ya kijani, punje ikiwa uji mzito. Ukiibonyeza kwa ukucha inatoa ute mzito, si maji na si unga. Ukiwahi sana, maji yanakuwa mengi na saileji inaoza. Ukichelewa, mabua yanakuwa makavu, hayashindiliki, hewa inabaki ndani na ukungu unaingia. Wiki hizo mimi naingia shambani kila jioni kubonyeza punje, na siku nikisema kesho, basi kesho hakuna anayekwenda popote. Mume anakata, vijana wanasomba, mashine ya kukatakata tunaikodi kwa fedha za kikoba, na vipande vinatoka vifupi, sentimita mbili au tatu. Shimo letu liko kwenye mteremko ili maji ya mvua yasiingie. Tumelitandika nailoni chini na pembeni.

Halafu kukanyaga. Hii ndiyo kazi ambayo watu wanaidharau. Unamwaga tabaka nyembamba, mnakanyaga, mnavingirisha pipa lililojaa maji juu yake, unamwaga tabaka lingine. Watoto wanarukaruka, bibi yao anaimba, shangazi zao wanapokezana, na miguu inauma hadi kesho yake. Hewa ikitoka vizuri, vijidudu vinavyopenda mahali pasipo na hewa vinageuza sukari ya mahindi kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayozuia kuoza. Mahindi yana sukari yake ya kutosha. Mabingobingo tunayachanganyia molasi. Mwisho unafunika kwa nailoni, unaweka udongo juu, unachimba mfereji pembeni, na huligusi shimo kwa mwezi mzima. Ukilifungua limenukia uchachu mtamu kama togwa, na rangi yake ni ya kijani inayoelekea njano, ujue umefaulu.

Hesabu yake ni rahisi. Ng'ombe mmoja tunampa kilo 20 za saileji kwa siku, pamoja na majani makavu, pumba, mashudu ya alizeti na jiwe la chumvi. Ng'ombe wawili kwa siku 150 wanahitaji tani 6. Shimo la upana wa mita 2, urefu wa mita 4 na kina cha mita 1.5 linabeba karibu kiasi hicho likishindiliwa sawasawa. Mahindi yake yanatoka kwenye nusu eka hadi eka nzima, kutegemea yalivyostawi. Hakuna uchawi hapo, ni panga, miguu na nailoni.

Jambo lingine lililotubadilisha ni kupanga uzazi, na hili watu wengi hawalisemi. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 283 hivi. Akihimilishwa, yaani akipandishwa mbegu kwa chupa, mwishoni mwa Septemba, anazaa mapema Julai. Maana yake anatakiwa akaushwe, yaani aachwe kukamuliwa, siku 60 kabla, yaani mapema Mei, wakati ambapo maziwa yamejaa kijijini na bei imelala, na wakati huo huo familia inahitaji mikono yote shambani. Yaani unaacha kumkamua wakati maziwa hayana thamani, halafu anazaa na maziwa yake yanafika kilele Agosti na Septemba, wengine wakiwa wamekauka. Lakini ili aonyeshe joto Septemba, lazima awe ameshiba Septemba. Kila kitu kinarudi kwenye shimo lile lile. Na ukimwona ana joto asubuhi, mwite mhimilishaji aje jioni, usingoje kesho kutwa. Ndama wa Julai naye anahitaji nyasi kavu za kulalia na banda lisilopitisha upepo, maana baridi ya Njombe haina huruma.

Oktoba iliyopita tulikuwa tunakamua vizuri. Si kama Machi, lakini vizuri, na bei ilikuwa imepanda. Ada za watoto zililipwa bila kuuza hata gunia la mahindi. Yule mnunuzi alirudi. Safari hii bei niliitaja mimi, akaikubali. Shemeji naye alituma watoto wake kununua maziwa kwetu, na mama mkwe akawapa bila kuchukua hela, akaniangalia, nikaelewa. Najivunia, na sioni sababu ya kuficha.

Kwa hiyo ndugu zangu, naomba mnisikilize. Acheni kuuliza ng'ombe gani, ulizeni atakula nini Oktoba. Acheni kutuma fedha za ng'ombe kwa wazazi wenu bila kutuma fedha za banda, mashine na nailoni. Ng'ombe wawili kwa mama wa miaka sitini aliye peke yake ni adhabu, hata kama mmempa kwa upendo. Nani atakata? Nani atakanyaga? Na maji je? Ng'ombe anayetoa maziwa mengi hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, na maziwa yenyewe karibu asilimia 87 ni maji. Mama anachota wapi hayo maji, na kwa kichwa cha nani?

Kina baba, na ninyi nawaomba. Anayeamka saa kumi na moja kukamua kwenye baridi ndiye anayestahili kushika fedha ya maziwa, au angalau kujua imekwenda wapi. Nimeona nyumba nyingi ambapo mke anakata majani mwaka mzima halafu fedha anaisikia tu. Mwaka unaofuata mke huyo anakwenda shambani kwa miguu mizito, na kwa ng'ombe inaonekana. Mume wangu na mimi tuna daftari moja, kila lita inaandikwa, na kila shilingi. Wekeni daftari.

Na kila mwaka tunafika Wiki ya Maziwa, inayofikia kilele Juni 1, siku ambayo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliianzisha kuwa Siku ya Maziwa Duniani mwaka 2001. Watoto wanagawiwa maziwa, ni jambo jema sana. Ombi langu ni kwamba wiki hiyo hiyo kila kata ichimbe shimo moja la mfano, hadharani, watu wakanyage kwa miguu yao, kwa sababu ni wakati huo huo ambapo mahindi ya saileji yakichelewa siku chache yanapotea.

Mambo madogo niliyosahau: saileji wape baada ya kukamua, si kabla, la sivyo harufu yake inaingia kwenye maziwa na kwenye kituo cha kukusanyia maziwa watakukatalia. Ukishafungua shimo, kata upande mmoja kila siku kutoka juu hadi chini na urudishie nailoni. Sehemu yenye ukungu itupe mbali, usimpe ng'ombe kwa kuonea uchungu. Anayekosa mahindi avune nyasi mapema Mei kabla hazijakomaa, azikaushe na kuzifunga kwa boksi la mbao, kisha azihifadhi darini.

Kijana wangu wa Makambako, jibu lako ni hili. Mwezi huu usinunue ng'ombe. Mtumie mama fedha ya kuandaa kipande cha malisho, na mtafute ndugu mmoja wa kukaa naye ambaye utamlipa. Novemba mvua ikianza, pandeni mabingobingo; baada ya miezi mitatu au minne mtaanza kukata. Pandeni na mahindi ya shimo. Mei ijayo chukua likizo uje ukanyage wewe mwenyewe, na shimo likishafunikwa mkanunue mtamba mmoja mwenye mimba, si wawili. Jersey ni mdogo wa mwili, anakula kidogo kuliko Friesian, na maziwa yake yana mafuta mengi. Kwa mama yako ningechagua huyo, au chotara wake. Ukifika Makambako nijulishe, nitakuonyesha wanakouza nailoni nzuri.