Muulize Fundi: Iweje ya 1.86 iishinde ya 3.0?

SWALI: Fundi, salaam. Shule yetu imepokea kompyuta zilizokwisha tumika, za aina mbili. Moja ina prosesa ya Pentium 4 630 yenye HT, 3.0 GHz. Nyingine ni Core 2 Duo E6300, 1.86 GHz. RAM ni sawa, GB 2 kila moja. Wanafunzi wanagombania zile za 3.0. Mwalimu mwenzangu anasema Core 2 Duo ni 1.86 mara mbili, yaani 3.72, kwa hiyo ndiyo kubwa. Lakini nikifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha prosesa inavyofanya kazi, hata Pentium 4 inaonyesha grafu mbili! Nimpe ipi mwalimu wa taaluma anayechakata matokeo? (Mwalimu wa TEHAMA, Njombe)

JIBU: Mwalimu, mpe Core 2 Duo, na usisite. Ila sababu aliyokupa mwenzako siyo, na ningependa hao wanafunzi wako waijue sababu yenyewe, maana kesho ndio watakaoingia madukani kununua kompyuta kwa kusoma namba kwenye stika.

GHz huhesabu mapigo ya saa ya prosesa. 3.0 GHz ni mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Haisemi kila pigo limefanya kazi kiasi gani, na hapo ndipo Pentium 4 inapoachwa. Kizazi cha Prescott, kilichotoka 2004 na ambacho 630 yako ni ya ukoo wake, kiliikatakata safari ya kila amri katika hatua 31 fupi ili saa iweze kupiga haraka. Core 2 Duo ilipotoka Julai 2006 ilikuja na hatua 14 tu, na katika pigo moja inaweza kushughulikia amri 4 au zaidi kidogo, wakati mwenzake anaishia 3.

Urefu wa ile njia una gharama yake. Chukua kazi ya mwalimu wa taaluma: alama ikiwa chini ya 30, andika F, la sivyo, endelea kupima. Hiyo ni njia panda, na programu yoyote imejaa njia panda za namna hiyo. Prosesa haikai kusubiri jibu. Inabahatisha upande mmoja na kusonga mbele, na ikigundua imekosea, kazi yote iliyokwisha kuingia kwenye njia hutupwa na kuanza upya. Penye hatua 31 kinachotupwa ni kingi. Core 2 Duo ina viini viwili, yaani sehemu mbili za kukokotoa ndani ya chipu moja. Kwa hiyo hata ukizima kiini kimoja ukaziacha zishindane kimoja kwa kimoja, kazi nyingi za kawaida ile ya 1.86 haibaki nyuma ya ya 3.0.

Intel wenyewe, watengenezaji wa prosesa zote mbili, walikuwa wameweka matumaini yao kwenye kupandisha GHz. Oktoba 2004 wakaifuta Pentium 4 ya 4 GHz waliyokuwa wameahidi, na ukoo ule ukaishia 3.8. Kilichowakwamisha ni joto. Pentium 4 630 imepangiwa wati 84 za joto ambalo feni inapaswa kuliondoa. E6300 yenye viini viwili imepangiwa 65. Kwangu mimi jambo hili lina uzito kuliko kasi. Chumba cha kompyuta 20 zikiwa kazini, tofauti hiyo inafika wati 380, na hapo tumehesabu prosesa peke yake. Nani analipa umeme huo? Shule. Na mavumbi yakiziba feni, Prescott ndiyo itakayoanza kuunguruma na kujipunguza mwendo ili isiungue.

Sasa zile grafu mbili. Herufi HT ni Hyper-Threading: kiini ni kimoja, ila kinajitambulisha kwa Windows kana kwamba ni viwili ili kiweze kupokea nyuzi mbili za kazi, yaani mifululizo miwili ya amri, kwa wakati mmoja. Uzi mmoja ukikwama kungoja data kutoka RAM, mwingine unatumia nafasi hiyo. Inasaidia kiasi, lakini vifaa vya kukokotoa vilivyomo ndani ni vile vile, vinagawanywa. Core 2 Duo ina seti mbili kamili.

Na 3.72? Hapana, mwalimu. Viini viwili havijumlishwi hivyo. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza jambo hili tangu 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika haifupishwi na kuongeza wafanyakazi. Tuseme kuandaa matokeo kunachukua dakika 10, na katika hizo 4 ni za hesabu ambazo kila moja inangoja iliyotangulia. Zile 6 nyingine zikigawanywa kwa viini viwili zinakuwa 3. Jumla dakika 7, si 5. Programu nayo lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya viini vingi. Excel 2003 itakokotoa kwa kiini kimoja hata ukiipa viwili. Kuanzia Excel 2007 inavitumia vyote. Hata hivyo kiini cha pili hakilali, kwa sababu antivairasi ikianza kukagua flashi ya mwanafunzi, mwalimu wa taaluma anaendelea kuandika bila kompyuta kuganda.

Wape wanafunzi wajionee. Weka 7-Zip ile ile (programu ya kubana mafaili) kwenye mashine zote mbili, nenda Tools, kisha Benchmark, chagua uzi (thread) 1, andikeni ubaoni namba ya kasi iliyo kwenye Total Rating; rudieni kwa nyuzi 2. Pentium 4 itaongeza kidogo, Core 2 Duo itaruka. Baada ya hapo kwa kuchapa Word zile Pentium 4 zinatosha kabisa, na hakuna haja ya kuzitupa.

SWALI: Nina Pentium 4 ya soketi 775, na Core 2 Duo nayo ni 775. Nichomeke tu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usinunue bado. Itaingia kwenye soketi vizuri kabisa na mashine isiwake. Kinachoamua ni chipu za mazabodi, ule ubao mkuu wenye soketi. Ukikuta Intel 915, achana nayo, haikubali prosesa ya viini viwili. 945 baadhi zinakubali, baadhi hazikubali hata ukiboresha BIOS, programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta. Soma jina la mazabodi lililochapwa juu yake, utafute kwa mtengenezaji orodha ya prosesa inazozikubali, ndipo uende dukani.