Fundi, chasisi yangu inacheza

Nikipandisha tairi moja kwenye ukingo wa barabara, mlango wa nyuma haufungi. Chasisi imekufa?
Huenda bado. Kila gari hujisokota kidogo likiegemea pembe moja. Jaribu milango yote gari likiwa mahali tambarare, kisha inua pembe moja ya mbele kwa jeki urudie (usiingie chini yake). Mlango ukigoma kabisa, kagua kutu kwenye boksi za bodi chini ya milango. Gari lisilo na fremu hutegemea hizo. Zikioza, chuma utakachoongeza hakina pa kushika.

Nina Subaru Impreza. Lile bomba la kuunganisha vichwa vya shokapu za mbele lina faida?
Ndogo. Ukikata kona kwa kasi, usukani huitika upesi kidogo. Kwa safari za sokoni hutahisi kitu. Ukinunua, chagua lililonyooka.

Fremu ya pikapu yangu ina umbo la C. Niuzibe upande wa wazi kwa bati?
Hapo ndipo penye faida kubwa. Chuma kilicho wazi hustahimili kupindwa, lakini kukisokota ni rahisi mno. Chukua bomba la kipenyo cha mm 60, unene mm 3, ulipasue kwa urefu wake: uzito ni ule ule, ila ugumu wake dhidi ya kusokotwa hupungua zaidi ya mara 200. Wewe unafanya kinyume cha kupasua. Ondoa kwanza mabomba ya breki na mafuta, tenganisha betri. Chomelea vipande vifupi vifupi, huku na huku, maana joto huivuta fremu. Acha matundu ya kutolea maji. Ncha za bati zikatwe mshazari, kwani nyufa huanzia pale ugumu unapokoma ghafla. Wanaokata mraba ni uvivu tu.

Ikishakazwa, si gari litarusha?
Sivyo. Fremu inayocheza ni springi isiyo na shokapu. Ikitulia, hata springi laini zinafaa. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya mashindano ya Lotus, alilijua hilo: mwaka 1962 Lotus 25 iliacha fremu ya mabomba ikatumia bodi ya alumini, ngumu na nyepesi zaidi, na mwaka 1963 dereva wake Jim Clark akatwaa nayo ubingwa wa dunia wa mbio za magari.

Na lori langu la tani 10?
Liache. Fremu yake imeachwa wazi makusudi ijisokote, matairi yasiachane na ardhi penye mashimo. Ukiikaza katikati, ufa utatokea pembeni ya ulipokaza.