Maswali na Majibu: Miguu tunayo, ramani je?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaokwenda Ulaya kuona jamaa na wanataka kupenyeza humo humo mchujo wa sprinti ya orientiringi, zile mbio fupi za mjini ambazo unatafuta vituo kwa ramani na kuvipitia kwa mpangilio. Mlioniuliza tena kama mnaweza kukimbia na ramani ya simu mkononi: hapana. Saa ya GPS huvaliwa kurekodi tu, si kukuonyesha njia.

*Naweza kuingia mchujo wa Mashindano ya Dunia nikiwa likizo, bila kuteuliwa? (Nyali)*

Hukuandika umri wako, na jibu limo humo. Mashindano ya Dunia yenyewe ni ya timu za taifa, na shirikisho ndilo linaloandikisha. Ya wakongwe yako wazi: ukifikisha miaka 35 ndani ya mwaka wa mashindano, unajiandikisha mwenyewe, unalipa, unakimbia mchujo, kisha muda wako ndio unaokupangia fainali ya A, B au ya chini zaidi. Kama hujafika 35, tafuta mashindano ya wazi. Miji mingi ya Ulaya inayo.

*Safari ni baada ya siku kumi. Viza ya Schengen nianzie wapi? (Likoni)*

Ungeanzia miezi kadhaa nyuma. Maombi hupokelewa tangu miezi 6 kabla ya safari, na mwisho wa kawaida ni siku 15 kabla. Usilipe ada ya mbio kabla ya viza kutoka.

*Kilomita kumi nakimbia chini ya dakika 35. Nilipokuwa Ujerumani kikazi niliingia sprinti, nikapita watu wengi, mwishoni wakanifuta eti nimeruka bustani ya maua. Si uonevu huu? (Kisauni)*

Si uonevu. Bustani ile kwenye ramani ilikuwa ya rangi ya kijani cha zeituni, na rangi hiyo maana yake ni moja: usiingie. Ukuta uliochorwa kwa mstari mweusi mnene nao ni hivyo hivyo, hata kama kwa macho unafika kiunoni na mtoto angeuruka. Kinachohukumu ni ramani, si uwezo wa magoti yako.

Na hapa niseme la moyoni. Tumelewa sifa ya kwamba Mkenya anajua kukimbia. Sprinti ya juu humalizika kwa kama dakika 15, kwa ramani ya 1:4000, yaani sentimita moja ni mita 40. Kwa kasi yako unaimaliza sentimita hiyo kwa sekunde nane, na katika sekunde hizo unatakiwa uwe umeshaamua kona ya mbele. Ukishindwa, punguza mwendo. Wewe uliongeza.

Hao uliowapita pia wasikupe kichwa. Kwenye mchujo wakimbiaji hugawanywa makundi, kila kundi na njia yake, na vituo hukaribiana makusudi. Uliyemfuata huenda anakwenda kwingine kabisa. Kila kituo kina namba, kuanzia 31 kwenda juu, na namba zako umepewa kwenye karatasi ya maelezo. Ukifika, soma namba kwanza, ndipo uingize chipu, kile kifaa cha kidoleni kinachorekodi kwamba umefika. Kituo kimoja ukikiruka au ukikosea mpangilio, mbio zako zimekwisha hata ukiwa wa kwanza kufika.

*Orodha inaniandikia kuanza 10:43. Ni jioni? (Bamburi)*

Saa nne na dakika 43 asubuhi. Ukichelewa kwa kosa lako, muda wako unahesabiwa tangu saa hiyo iliyo kwenye orodha, si tangu ulipofika.

*Dira niliyoletewa kutoka Sweden sindano yake inainama na kugusa kioo. Ni mbovu? (Changamwe)*

Si mbovu, imesawazishwa kwa kaskazini. Sumaku ya dunia huivuta sindano pia chini, na mvuto huo kule si sawa na wetu hapa kusini kidogo mwa ikweta. Itunze, ukifika Sweden itatulia. Ya mazoezi tafuta iliyotengenezwa kwa kanda yetu.

*Hapa Mombasa nifanyie wapi mazoezi? (Tudor)*

Mji wa Kale. Vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu na Kibokoni vinapinda na kuziba ghafla kama miji mikongwe ya Ulaya inavyofanya. Chora ramani, weka vituo kumi, tembea kwanza. Usikimbie watu wakitoka msikitini, na baraza za watu si njia. Jambo moja tu Mji wa Kale hautakufundisha: Ulaya bara magari hushika kulia, na mbio nyingi hupita barabara ambazo hazijafungwa. Sisi tumezoea kutazama upande wa pili.

*Nimepata hoteli nzuri mita mia mbili kutoka uwanja wa mbio. Nilipie? (Mtwapa)*

Soma taarifa ya mashindano kwanza, ile ambayo hakuna anayeisoma. Eneo la mbio huwa limefungwa kwa washindani mpaka siku yenyewe, na ukionekana ukizurura humo utafutwa kabla ya kuanza. Kama hoteli imo ndani, waandikie waandaaji. Ramani za zamani za eneo hilo wanazitoa kwa wote. Zisome ukiwa Mtwapa.

*Chipu ya kukodi ikipotea? (Kongowea)*

Unailipa. Ina kamba ya lastiki, ivae kidoleni.