Jina la Sutton: Usianze na Ramani

Mke wangu ni Mwingereza wa ukoo wa Sutton, na mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa nilitaka aijue asili ya upande wa mamaye kama atakavyoijua ya upande wangu. Nilifungua ramani, nikaiona Sutton Coldfield katika jiji la Birmingham, nikaamini kazi imekwisha. Nikanunua hata nembo iliyochorwa kwenye ubao, ambayo muuzaji alidai ni ya ukoo huo. Yote mawili yalikuwa makosa, nami ningependa kumwepusha nayo yeyote anayetafuta asili ya jina la namna hii.

Sutton ni jina la Kiingereza cha kale: "suth" ni kusini, na "tun" ni shamba au kijiji. Kijiji chochote kilichokuwa kusini mwa kingine kiliweza kuitwa hivyo, na ndiyo maana akina Sutton wametapakaa kuanzia Surrey hadi Nottinghamshire, wengi wao bila udugu wowote. Tena jina kama hili kwa kawaida lilimshika mtu akishahama, kwa kuwa ndani ya Sutton kumwita mtu "wa Sutton" hakumtofautishi na jirani yake, kama vile mtu haitwi Mngazija akiwa Ngazija.

Kwa hiyo anza na mzee unayemjua kwa hakika, kisha urudi nyuma kizazi kwa kizazi. Huko Uingereza, serikali ilianza kuandikisha watoto wanaozaliwa mwaka 1837. Sensa ya 1841 iliuliza tu kama mtu amezaliwa katika kaunti anamoishi, lakini ile ya 1851 iliandika parokia yenyewe, na humo ndimo nilimomkuta babu wa ukoo wa mke wangu, seremala, mzaliwa wa Lincolnshire, mbali kabisa na Birmingham. Kabla ya hapo tegemea vitabu vya ubatizo, vilivyoamriwa mwaka 1538, na usishikilie tahajia moja: nimeona ndugu wawili wa baba mmoja, huyu Sutton, yule Sutten.

Kuhusu nembo, Uingereza humpa mtu mmoja, wakarithi wazao wake; si mali ya kila mwenye jina. Ubao ule nimeuondoa ukutani.

Kutoka parokia ya yule seremala hadi Long Sutton, mji mdogo wa Lincolnshire, ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Huo ni ukaribu, bado si ushahidi, na katika daftari la mwanangu nimeliandika jina la Long Sutton kwa penseli.