Sifuri ya Mwenzako ni Mzigo Wako

Jana nilikaa nyuma ya vijana wanne wanaojifunza Shupaza, mchezo wa karata wa wawili kwa wawili ambapo kila mtu hutaja mapema atakula mafungu mangapi, na shupaza hukata karata za aina nyingine. Nikaona makosa yangu ya zamani yakipita mezani moja baada ya jingine. Nikaondoka nisije nikaropoka. Leo naropoka.

1. Si kila karata ya picha ni fungu, yaani zile karata nne za mzunguko mmoja, ambazo huliwa na mwenye kubwa. Ukishika kopa saba, zimebaki sita tu kwa watu watatu. Ree, kubwa kuliko zote za aina yake, huenda ikapita, lakini mfalme anayeifuata anaweza kukatwa hata na shupaza mbili. Mmoja wao alitaja sita kwa mkono wa namna hiyo, akala matatu, akasema bahati mbaya. Bahati gani, mdogo wangu?

2. Ziada, yaani mafungu mnayokula kupita mliyotaja, si zawadi. Zikifika 10 mnakatwa alama 100, kwa hiyo mkishatimiza ahadi, anzeni kukwepa.

3. Jumlisha waliyotaja wenzako kabla hujafungua mdomo; mafungu ni 13, hayazaliani.

4. Mwenzako akitaja sifuri, yaani akiahidi kutokula fungu hata moja. Hapa niacheni nikae kidogo, maana kovu bado linawasha. Tulikuwa na 430, wao 425, mchezo unaishia 500. Mwenzangu akataja sifuri, yaani alama 100 hizo akiweza, na akishindwa zinakatwa. Mimi nikataja manne, wao wawili kwa jumla manane. Tukitimiza tunafika 570. Nilikuwa na ree ya kopa, mfalme wake, na tano. Zamu ya kuanza ikawa yangu. Mlinzi wa sifuri kazi yake ni kutoa kubwa ili mwenzake ajifiche chini yake, na mimi hilo nilikuwa nikiwafundisha wengine! Lakini ree nikaionea huruma, nikaiweka akiba, nikatoa tano. Wa kushoto kwangu akanitazama kama mtu aliyeokota pochi, akaweka nne. Mwenzangu alikuwa na kopa moja tu: nane. Aliilaza mezani polepole, akainyoosha kwa kidole ikae sawa na nyingine, akasubiri. Wa mwisho akaweka mbili.

Manne yangu niliyapata yote, tena bila jasho. Tukamaliza na 370, wao 505. Hakunigombeza. Alikusanya zile karata nne, akauliza, "Ree ulikuwa nayo, sivyo?" Nikasema ndiyo. Bora angenitukana.

Na jana nimemwona binti mmoja akifanya vilevile, ila yeye alibana ree ya uru.

5. Ulizeni kanuni kabla karata hazijagawiwa. Kuna meza zinazoingiza jokeri wawili na kuwaweka juu ya ree ya shupaza, na kuna zinazoruhusu kutaja sifuri kabla ya kutazama karata, kwa alama 200. Yule mwenzangu siku hizi akicheza nami huipenda sana hiyo ya pili. Sijajua kama ni imani au ni adhabu.